Koili ya Rilei: Upande Upi ni Chanya?

Swichi ya honi iliyomo katika usukani wa gari ni kitu kidogo. Viguso vyake, yaani zile ncha za metali zinazogusana na kuachana, ni vyembamba, na nyaya zinazopita ndani ya usukani ni nyembamba vilevile. Lakini honi yenyewe hutaka mkondo wa ampea kadhaa, na taa kubwa za mbele hutaka zaidi ya hapo. Kama mkondo huo wote ungepitishwa katika swichi, viguso vingeungua baada ya muda mfupi. Kwa hiyo swichi hupewa kazi nyepesi ya kuamrisha tu, na kazi nzito ya kupitisha mkondo mkubwa hupewa kifaa kingine kilichofichwa chini ya boneti au nyuma ya dashibodi. Ni kijisanduku cha plastiki, aghalabu cheusi, chenye miguu minne au mitano ya metali, na kila kinapofanya kazi husikika kikigonga kidogo kwa ndani. Kifaa hicho ndicho rilei.

Rilei za magari hupatikana kwa urahisi katika gereji na maduka ya vipuri, na nyingi zilizotumika huishia katika maabara za shule, ambako hufaa sana kwa majaribio ya sumaku-umeme. Hapo ndipo swali huzuka. Betri ina alama ya kujumlisha na ya kutoa. Daiodi ina mstari upande mmoja. Koili ya rilei ina miguu miwili iliyofanana kabisa, na mara nyingi haina alama yoyote ya chanya wala hasi. Mguu upi uunganishwe na chanya ya betri? Mwalimu wa fizikia hujibu kwamba haidhuru, kwani koili ni waya uliozungushwa tu. Fundi wa gari huonya kwamba anayekosea ataunguza kitu. Wote wawili husema kweli, kila mmoja kwa rilei alizozizoea. Na ubishi wao hauwezi kumalizika mpaka ijulikane ni kitu gani kingine kimewekwa pamoja na koili ndani ya kile kijisanduku.

Nguvu isiyojali upande

Mwaka 1820, mwanasayansi wa Denmark Hans Christian Ørsted aligundua kwamba waya upitishao umeme hugeuza sindano ya dira iliyo karibu nao, na kwamba mkondo ukigeuzwa upande, sindano nayo hugeukia upande wa pili. Miaka mitano baadaye, Mwingereza William Sturgeon alizungusha waya juu ya kipande cha chuma kilichopindwa kama kwato la farasi. Chuma hicho chenye uzito wa gramu 200 hivi kiliweza kuinua uzito wa kilo 4, na mkondo ulipokatwa kiliuachilia. Joseph Henry wa Marekani aliendeleza kazi hiyo kwa kuzungusha nyaya nyingi zaidi, zilizofunikwa ili zisigusane, na mnamo mwaka 1835 alikuwa akitumia sumaku-umeme ndogo kufungua njia ya mkondo wa sumaku-umeme kubwa. Huo ulikuwa mwanzo wa rilei. Jina lenyewe limetokana na desturi ya zamani ya wasafiri na wapeleka barua wa Ulaya, waliobadilisha farasi waliochoka kwa farasi wapya vituoni; wanariadha walilichukua baadaye kwa mbio za kupokezana vijiti. Katika rilei ya umeme pia kuna kupokezana: mkondo dhaifu hufika umechoka, na mkondo wenye nguvu huanza safari upya.

Ndani ya rilei ya kawaida mna koili iliyozungushwa juu ya kiini cha chuma laini. Mbele ya kiini kuna kipande kingine cha chuma laini, ambacho katika makala haya kitaitwa ulimi, kinachovutwa nyuma na springi. Mkondo ukipita katika koili, kiini huwa sumaku, ulimi huvutwa, na viguso hugusana. Mkondo ukikatika, springi huurudisha ulimi mahali pake.

Mwanafunzi makini aweza kupinga hapa. Kama sindano ya dira hugeuka mkondo unapogeuzwa, kwa nini ulimi wa rilei usisukumwe badala ya kuvutwa? Tofauti iko katika kile kinachovutwa. Sindano ya dira ni sumaku. Ina kaskazini yake na kusini yake hata umeme usipokuwapo. Ulimi wa rilei si sumaku. Ni chuma laini ambacho huazima usumaku wake kutoka kwa kiini. Uso wa kiini ukiwa kaskazini, uso wa ulimi unaoelekeana nao huwa kusini, na huvutwa. Mkondo ukigeuzwa, uso wa kiini huwa kusini, lakini papo hapo uso wa ulimi nao huwa kaskazini, na huvutwa tena. Vyote viwili vimegeuka pamoja, na uhusiano baina yao haukubadilika.

Hesabu husema jambo hilohilo kwa ufupi zaidi. Nguvu ya kuvuta ulimi hulingana na mraba wa uga wa sumaku, na uga huo, maadam chuma hakijashiba usumaku, hulingana na mkondo. Kwa hiyo nguvu hulingana na mraba wa mkondo. Na mraba wa −3 ni 9 sawasawa na mraba wa 3. Ishara ya kutoa hupotea. Ushahidi wa jambo hili husikika kila palipo na transfoma kubwa. Umeme wa Afrika Mashariki hugeuka upande na kurudi mara 50 kwa sekunde, lakini mvumo wa transfoma una mitetemo 100 kwa sekunde, kwa kuwa chuma chake hakitofautishi nusu ya kwanza ya mzunguko na nusu ya pili. Ndiyo maana katika rilei za mkondo geu swali la chanya na hasi halina maana hata kidogo. Hizo huwa na pete ndogo ya shaba usoni mwa kiini, ambayo kazi yake ni kuzuia ulimi usitetemeke kila mkondo unapopita sifuri.

Basi mwalimu hakukosea. Rilei iliyo na koili, kiini, ulimi na springi, bila kitu kingine, haina chanya wala hasi.

Sumaku ya kudumu inapoongezwa

Hali hubadilika mara sumaku ya kudumu inapowekwa ndani ya rilei. Uga wa sumaku hiyo na uitwe S, na uga wa koili uitwe K. Mkondo ukipita upande mmoja, uga wote ni S + K. Ukipita upande wa pili, ni S − K. Mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuzipanua miraba hizi mwenyewe:

(S + K)² = S² + 2SK + K²
(S − K)² = S² − 2SK + K²

Neno la katikati, 2SK, limebadilisha ishara. Upande wa mkondo sasa una maana.

Yafaa kuweka tarakimu ili jambo hili lionekane vizuri. Ichukuliwe kwamba S ni 10 na K ni 1. Bila sumaku ya kudumu, nguvu ya koili ni 1 × 1, yaani 1, upande wowote mkondo upitako. Pamoja na sumaku, nguvu ni 121 mkondo ukipita upande mmoja na 81 ukipita upande wa pili, ilhali bila mkondo ni 100. Ile 100 husawazishwa na springi, au na mvuto wa sumaku ileile kutoka upande wa pili wa ulimi. Kinachobaki ni kujumlisha 21 au kutoa 19. Koili ileile, yenye mkondo uleule, ambayo peke yake ilizaa nguvu ya 1, sasa imeleta badiliko la kama mara ishirini. Sumaku ya kudumu haikuipa rilei uwezo wa kutambua upande tu, bali imeifanya isikie hata mkondo dhaifu sana.

Watu wa telegrafu walikuwa na haja kubwa ya sifa hizo mbili. Laini ya Samuel Morse iliyofunguliwa mwaka 1844 kati ya Washington na Baltimore ilikuwa na urefu wa kilomita 64 hivi, na kadiri laini zilivyorefushwa ndivyo mkondo uliofika mwisho wa waya ulivyozidi kuwa hafifu. Rilei zenye sumaku ya kudumu ziliweza kuupokea, na zaidi ya hayo ziliwezesha alama moja kupelekwa kwa mkondo wa upande mmoja na alama nyingine kwa mkondo wa upande wa pili. Kipokezi cha simu cha aina ya zamani kina sumaku ya kudumu kwa sababu hiyohiyo. Kisingekuwa nayo, utando wake ungevutwa katika kila nusu ya mzunguko, na kila sauti ingesikika kwa mitetemo maradufu, kama ule mvumo wa transfoma.

Siku hizi rilei za jinsi hii hutumika sana mahali panapotakiwa swichi inayokumbuka. Mkondo wa muda mfupi mno, sehemu ndogo ya sekunde, huusukuma ulimi upande mmoja, na sumaku ya kudumu huushika hapo bila umeme wowote. Ili kuurudisha, hupelekwa mkondo wa upande wa pili, au mkondo katika koili ya pili ikiwa rilei ina koili mbili. Mita za umeme wa kulipia kabla, za aina ambayo Watanzania huita LUKU, aghalabu hukata na kurudisha umeme kwa rilei za namna hii, kwani haingefaa mita itumie umeme mchana na usiku kwa ajili ya kushikilia viguso tu. Katika rilei hizo kugeuza chanya na hasi hakuunguzi kitu, lakini matokeo huwa kinyume: anayetaka kuwasha huzima.

Daiodi iliyofichwa

Lililomtia hofu fundi wa gari ni jambo jingine, nalo ndilo hatari zaidi.

Koili hupinga kila badiliko la mkondo wake. Henry aliona jambo hili mapema: katika maandishi yake ya mwaka 1832 alieleza cheche iliyoruka waya mrefu, hasa ukiwa umezungushwa, ulipotenganishwa na betri. Cheche hiyo hutoka katika nishati iliyohifadhiwa katika uga wa sumaku, ambayo haiwezi kutoweka hivihivi mkondo unapokatwa.

Ukubwa wa jambo hili waweza kukadiriwa. Koili za rilei za magari ya volti 12 mara nyingi huwa na ukinzani unaokaribia omu 80 au 90. Kwa ajili ya wepesi wa hesabu, ichukuliwe koili ya omu 96. Mkondo wake utakuwa 12 ÷ 96, yaani ampea 0.125. Ichukuliwe pia kwamba induktansi yake ni nusu henri. Mkondo huo ukikatwa na kufika sifuri katika milisekunde 1, volteji itakayozaliwa katika koili ni 0.5 × 0.125 ÷ 0.001, yaani volti 62.5. Ukikatwa kwa kasi mara kumi zaidi, volteji itakuwa 625. Nishati yenyewe ni kidogo sana, chini ya sehemu moja ya mia ya jouli; haimuumizi mtu. Lakini transista inayoendesha rilei hiyo huenda imetengenezwa kustahimili volti 40 au 60 tu, na kwake yeye pigo hilo ni kifo.

Tiba yake ni rahisi na ya bei ndogo. Daiodi huunganishwa sambamba na koili, upande wake wenye mstari, yaani kathodi, ukielekea chanya. Rilei inapofanya kazi, daiodi hiyo imefungwa na haipitishi kitu. Mkondo ukikatwa, volteji ya koili hugeuka upande, daiodi hufunguka, na mkondo huzunguka baina ya koili na daiodi mpaka uishe. Volteji haizidi ile ya kawaida ila kwa volti 0.7 hivi. Kuna gharama kidogo: kwa kuwa mkondo hufifia polepole, ulimi nao huachiliwa kwa kuchelewa milisekunde chache, na viguso vinavyoachana kwa uvivu huliwa na cheche zaidi. Wahandisi wengine hupendelea kuweka resista badala ya daiodi, kwa mfano ya omu 680. Hiyo huruhusu volteji kupanda hadi kama 85 katika mfano wetu, lakini haina chanya wala hasi.

Watengenezaji wengi huiweka daiodi ndani ya kijisanduku chenyewe. Tangu hapo rilei ina upande. Atakayeunganisha chanya ya betri na upande wa anodi atakuwa ameifungulia daiodi njia. Umeme utaiacha koili na kupita katika daiodi moja kwa moja, bila kizuizi isipokuwa waya. Betri ya gari yaweza kutoa mamia ya ampea, na daiodi ndogo iliyotengenezwa kwa ajili ya ampea 1 haistahimili.

Kinachotokea baada ya hapo hutegemea bahati. Pengine fyuzi hukatika kwanza, na hasara ni fyuzi tu. Pengine transista au swichi iliyokuwa ikiamrisha huungua. Pengine daiodi huyeyuka ikawa kama kipande cha waya, na rilei haifanyi kazi tena. Lakini huweza pia kutokea kwamba daiodi hukatika katikati kabisa. Na hili ndilo baya zaidi, ingawa kwa macho huonekana kuwa jema. Mwenye kosa hugundua kosa lake, hugeuza nyaya, na rilei hugonga kama kawaida. Huridhika. Kumbe kinga imekwisha kuondoka, na kila rilei inapozimwa, transista hupata lile pigo la mamia ya volti. Ikifa baada ya wiki moja au mwezi, hakuna atakayekumbuka nyaya zilizogeuzwa.

Namna ya kupima

Jambo la kwanza ni kusoma mchoro uliochapwa ubavuni mwa rilei, kama upo. Koili huonyeshwa kwa mstatili, na daiodi kwa pembetatu yenye mstari nchani. Mstari huo ndio upande wa chanya. Rilei za magari zinazofuata kanuni za Kijerumani za DIN 72552 huwa na namba miguuni: 30 hutoka kwenye betri, 87 huenda kwenye taa au honi, na 85 na 86 ni miguu ya koili. Panapokuwa na daiodi, desturi ni 86 kuwa chanya na 85 kuwa hasi. Hata hivyo si kila mtengenezaji hufuata desturi hiyo, na namba peke yake isichukuliwe kuwa ushahidi wa kutosha.

Mchoro ukiwa umefutika, wengi hukimbilia mita. Hapa pana mitego miwili. Mita ya tarakimu, hata ikiwekwa kwenye kipimo chake cha daiodi, hupitisha mkondo wa kama miliampea 1 tu. Mkondo huo ukipita katika koili ya omu 96 hutoa volteji ya 0.096, ilhali daiodi ya silikoni haianzi kufunguka vizuri kabla ya kukaribia volti 0.6 au 0.7. Mita itasoma namba ileile pande zote mbili, na mpimaji ataamini kwamba hakuna daiodi. Mita ya zamani ya mshale, katika kipimo cha chini kabisa cha omu, hupitisha mkondo wa miliampea kumi na zaidi, na huweza kuiona daiodi ambayo mita ya kisasa imeikosa. Lakini yenyewe ina mtego wake: katika mita nyingi za mshale, zinapopima omu, waya mweusi ndio ulioungana na chanya ya betri ya ndani. Asiyejua hilo atapata jibu sahihi na kuliandika kinyume.

Njia iliyo salama na wazi zaidi hutaka betri ya volti 12, resista moja ya omu 470 yenye uwezo wa nusu wati, na mita yoyote ya volti. Resista huunganishwa kwa mfuatano baina ya chanya ya betri na mguu mmoja wa koili. Mguu wa pili huunganishwa na hasi. Kisha hupimwa volteji kati ya miguu miwili ya koili, nyaya za koili hubadilishwa, na hupimwa tena. Resista huzuia mkondo usizidi miliampea 26, kwa hiyo hakuna kinachoweza kuungua, hata unganisho likikosewa. Wala ulimi hautavutwa. Jaribio lote ni la kimya.

Kwa koili ya omu 96, volteji inayotarajiwa ni 12 × 96 ÷ 566, yaani karibu volti 2. Ikiwa mita itasoma volti 2 upande mmoja na karibu 0.7 upande wa pili, daiodi ipo. Katika kipimo cha 0.7 daiodi ilikuwa wazi, maana yake upande huo ni wa makosa. Upande wa volti 2 ndio sahihi, na mguu ulioelekea chanya katika kipimo hicho utiwe alama ya rangi papo hapo, kabla haujasahaulika. Baadhi ya rilei zina daiodi ya pili iliyowekwa kwa mfuatano na koili ili kuzuia madhara ya kugeuza nyaya. Hizo zitasoma karibu volti 2.6 upande sahihi na volti 12 kamili upande wa makosa, kwa kuwa upande huo hakuna mkondo unaopita. Volti 12 pande zote mbili maana yake ni kwamba waya wa koili umekatika. Sifuri pande zote mbili, au karibu yake, ni dalili ya daiodi iliyoyeyuka. Koili yenye ukinzani tofauti itatoa namba tofauti, na kuzikokotoa kabla ya kupima ni zoezi zuri la darasani la kanuni ya Ohm.

Volti 2 pande zote mbili huacha mambo matatu yakiwezekana: rilei haina kitu zaidi ya koili, au ina sumaku ya kudumu, au ina kitaa kidogo cha kuonyesha kwamba inafanya kazi. Kuhusu sumaku, dira yaweza kusaidia hata kabla ya umeme kuunganishwa. Rilei hupitishwa polepole karibu na sindano. Chuma laini huvuta ncha zote mbili za sindano, kaskazini na kusini. Lakini ubavu wa rilei ukiisukuma ncha mojawapo, ndani mna usumaku, kwani kusukuma ndiko kunakothibitisha sumaku. Msukumo hafifu sana usitegemewe, kwa sababu kiini cha rilei iliyotumika miaka mingi huweza kubaki na usumaku kidogo.

Mwishoni hutumika volteji kamili, lakini kwa kupitia balbu ya gari ya volti 12 na wati 5 iliyowekwa kwa mfuatano. Koili nzima huchukua mkondo mdogo, balbu haiwaki au hufifia tu, na rilei hugonga. Pakiwa na hitilafu, balbu huwaka kwa nguvu na kuupokea mzigo wote. Rilei ikigonga pande zote mbili na kitaa chake kikawaka upande mmoja tu, upande huo ndio uliokusudiwa. Ikigonga upande mmoja tu, au ikibaki imeshika baada ya umeme kuondolewa, ni ya sumaku ya kudumu. Ikigonga sawasawa pande zote, koili yake haina chanya wala hasi. Majaribio haya yote ni ya betri ya volti 12. Umeme wa ukutani wa volti 230 usihusishwe kamwe.

Limebaki jambo moja ambalo vipimo peke yake haviwezi kuliamua. Rilei isiyo na daiodi na rilei ambayo daiodi yake imekatika husoma namba zilezile. Mchoro ulio ubavuni ukionyesha daiodi, na mita ikisoma volti 2 pande zote mbili, rilei hiyo huenda imekwisha kugeuzwa siku moja na mtu asiyejulikana. Haina haja ya kutupwa. Daiodi mpya ya aina ya 1N4001 au 1N4007 huunganishwa kwa nje baina ya miguu ya koili, mstari wake ukielekea mguu ambao mchoro umeuonyesha kuwa chanya. Kisha kipimo cha resista hurudiwa, na safari hii mita isome 2 upande mmoja na 0.7 upande wa pili.